Mstari wa Kijani Mgongoni mwa Kamba

Nilishindwa kwa gramu mbili na nusu, mbele ya watu kumi na wanane, nikiwa nimelowa hadi kiunoni.

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliwaacha wapi: nimesimama ndani ya bwawa la pili, kamba mmoja kiganjani, na kiganja kinaniambia huyu mwepesi. Kiganja si mizani. Nilimtia ndooni pamoja na wenzake mia moja, nikaipandisha ndoo mezani. Mizani nayo ikasema huyu mwepesi.

Kwa anayeanza leo, habari ni hii. Mimi ndiye mtengeneza chakula wa shamba la kamba. Kamba wa kufugwa hula tembe ndogo, na hapa kwetu tembe hizo zimekuwa zikitengenezwa kwa unga wa dagaa tangu shamba lianze. Nilimwambia Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye shamba, kwamba naweza kuutoa unga wa dagaa wote, nikaweka mashudu ya soya, yaani makapi ya soya iliyokamuliwa mafuta, nikaongeza virutubisho viwili ambavyo soya inavyo kwa uchache, na kamba wakakua vilevile.

Mkurugenzi hapendi maelezo marefu. Akanipa mabwawa sita na siku sabini. Bwawa la kwanza hadi la tatu wale soya. La nne hadi la sita wale dagaa. Soya ikizidiwa kwa zaidi ya gramu moja kwa kila kamba, mashine yangu ya kuchanganyia inang'olewa na mimi nafungasha virago siku hiyohiyo.

Mikosi iliyofuata mliisoma. Magunia ya kwanza ya soya, ikiwa bado punje, yalinyeshewa yakaota, nikawa na bustani stoo. Mkanda wa mashine ulikatika ukamchapa mume wangu begani. Lori la unga wa dagaa liliziba lango asubuhi nzima, nikatia sahihi fomu ya kupokea mzigo huku dereva akipiga honi sikioni mwangu. Siku mbili baadaye nilichoma kijiko cha unga ule kwenye tanuri la maabara, na karibu theluthi yake ikakataa kuungua. Ilikuwa mchanga.

Unga huo huletwa na Mjomba. Si mjomba wangu. Ni kaka yake Mkurugenzi, mtunza stoo, na shamba zima humwita hivyo. Nilimpa barua kuhusu mchanga ampelekee dada yake. Nadhani barua hiyo bado iko njiani.

Kuanzia hapo nikaacha kumwamini, na mtu nisiyemwamini humwandikia sheria. Niliibandika kwenye ukuta wa stoo ya ndoo, kwa mwandiko wangu, na Mkurugenzi akaigonga muhuri: Mtu yeyote atakayebadilisha chakula cha bwawa lolote, kwa sababu yoyote, ataacha kazi siku hiyohiyo. Chini yake niliweka mstari mtupu wa kuandikia jina. Napenda fomu zilizokamilika.

Sasa turudi mezani.

Mjomba ndiye aliyesoma ubao, maana ana sauti. Kamba wa soya, gramu kumi na nne nukta mbili. Kamba wa dagaa, gramu kumi na sita nukta saba. Akaweka chaki chini, akapangusa mikono, akanigeukia kwa huruma ya mtu aliyeshiba.

"Soya ni nzuri, Dokta. Kwa ng'ombe."

Watu kumi na sita wakacheka. Wa kumi na saba alikuwa mume wangu, ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka na alishazitumia zote.

Wa kumi na nane, Mkurugenzi, hakucheka pia. Aliniuliza kama namba ni zangu mwenyewe. Nikasema ni zangu. Akauliza kama nina pingamizi. Nikasema namba haipingwi, hupimwa upya, na nilishaipima mara tatu. Akataka ripoti ya ukurasa mmoja kabla ya saa sita, yenye sahihi. Kisha akamwagiza fundi wa pampu alete vifaa aanze kuilegeza mashine.

Fundi wa pampu ndiye mume wangu. Watu humwita Spana. Alinitazama, akamtazama Mkurugenzi, akaenda kuchukua spana namba kumi na tisa.

Niliandika ripoti kwa mistari kumi na moja. Sikulia, nilihakiki nukta. Kilichoniuma ni kimoja tu, na hakimo kwenye ripoti: soya yangu ilikuwa imeshindwa na mchanga.

Nikatia sahihi, nikaipeleka ofisini, nikarudi mezani kunyauka mbele ya wenzangu.

Shamba letu lina desturi. Siku ya kupima, kamba wa bwawa lililoshinda huchemshwa hapohapo kwenye sufuria la maji ya chumvi, na kila mtu humenya na kula kwa mikono juu ya meza ya mizani. Siku hiyo lilishinda bwawa la tano. Kamba wa mabwawa yangu matatu nilikuwa nimekataza wasiliwe, kwa sababu nitakayoieleza mstari wa ishirini hivi kutoka hapa. Hakuna aliyelalamika. Nani ale walioshindwa?

Mama mkwe wangu alinisogezea sahani.

Mama mkwe ni kiongozi wa walishaji. Amelisha kamba miaka kumi na minne, mara nne kwa siku, na watu humwita Bi Ndoo. Ndiye aliyenipatia kazi hapa, baada ya mwanawe kunioa na kumwambia kwamba mkewe anajua kupika vyakula vya wanyama. Alielewa vibaya, akanitetea hivyohivyo.

"Kula, mwanangu," akasema. "Umeshindwa, hujafa."

Akanimenyea mmoja, akachana mgongo kwa ukucha autoe utumbo kama wafanyavyo wenye adabu, na utumbo ule ukatoka kama uzi.

Ulikuwa wa kijani.

Si kijani cha mwani, ambacho huwa kichafu na chenye kusitasita. Kijani cha rangi ya kupaka milango. Niliujua uzi huo, kwa sababu rangi ile niliiweka mimi.

Hii ndiyo sababu niliyowaahidi. Kuna unga wa kijani ambao hausagiki tumboni. Unaingia kama ulivyo na kutoka kama ulivyo. Watu wa kazi yangu huuchanganya kwenye chakula ili kupima ni kiasi gani cha chakula kimemeng'enywa. Siku nne za mwisho niliutia kwenye soya. Kwenye soya tu. Sikumwambia mtu, na si kwa siri, hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo kamba wa bwawa la tano, kamba wa dagaa, alikuwa na soya tumboni.

Nikamnyang'anya mama mkwe sahani. Nikamenya mwingine. Kijani. Mwingine. Kijani. Nikanyoosha mkono kwenye sahani ya Mjomba, nikachukua kamba aliyekuwa njiani kuelekea mdomoni.

"Dokta, huyo wangu."

"Usimeze," nikamwambia. "Mtu yeyote asimeze. Nataka migongo."

Nikaanza kucheka. Naomba mnielewe: mimi si mchekaji. Lakini kicheko kilinitoka puani, kikanitoka machoni, nikawa nazunguka meza nikikusanya kamba kwenye sahani za watu wazima waliokuwa wamefunua vinywa. Wengine walinipa wenyewe. Mwendesha jenereta alitema.

Niliwachana kamba ishirini kutoka kila bwawa lililobandikwa dagaa. Ishirini kwa ishirini, kijani, mara tatu. Kisha nikakimbilia ndoo za mabwawa yangu, nikawachana ishirini wabichi kutoka kila moja. Hakuna hata mmoja. Matumbo yao yalikuwa ya kahawia, rangi ya dagaa na mchanga.

Katika miaka yangu yote ya maabara sijawahi kupata ishirini kwa ishirini. Hata maji ya bomba hayako thabiti namna hiyo. Nilikaa chini, juu ya sakafu yenye maji, nikacheka hadi Mjomba akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ana namba ya daktari wa kweli.

Soya ilikuwa imeshinda kwa gramu mbili na nusu. Sisemi soya ni bora kuliko dagaa. Jaribio langu haliruhusu kusema hivyo. Nasema soya ni bora kuliko dagaa wa Mjomba.

Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu swali la pili lilikuwa limefika: nani?

Nililifikiria kama ninavyofikiria kila jambo, kwa kuondoa yasiyowezekana. Mjomba? Mjomba aliamini dagaa. Kama angetaka nishindwe, asingeyapa mabwawa yangu chakula alichokiamini. Aliyebadilisha aliyapa mabwawa yangu dagaa siku nenda siku rudi bila kukosea mara moja. Basi ni mtu anayeamini dagaa kwa moyo wote, anayetaka nishinde kwa moyo wote, na anayejaza ndoo zote.

Orodha ilikuwa na jina moja. Niliinua macho. Mama mkwe alikuwa akimenya kamba mmoja kwa uangalifu mkubwa, na kamba huyo alishakwisha kumenywa.

"Mama," nikasema. "Tuongee stoo ya ndoo."

Stoo ya ndoo ni chumba cha hatua nne kwa tatu. Ndoo za bluu upande mmoja, kwa ajili ya mabwawa yangu. Ndoo za njano upande wa pili. Magunia ya soya yameshonwa kwa uzi mweupe, ya dagaa kwa uzi mwekundu. Kazi yangu kila siku ilikuwa kukagua sinia tunazozamisha bwawani ili kuona kama chakula kimeliwa. Niliona sinia tupu, nikaandika: kimeliwa. Sikuwahi kuuliza kimeliwa kipi. Mwenye pua angenusa. Yangu haijanusa kitu tangu homa ya miaka miwili iliyopita, ndiyo maana nategemea mizani.

Mama mkwe alifunga mlango, akaikalia ndoo iliyopinduliwa, akatandaza khanga mapajani kama mtu anayengoja hospitali.

"Uliweka dagaa kwenye ndoo za bluu," nikasema.

"Tangu siku ya tatu."

"Kwa nini, mama?"

"Unakumbuka siku ya tatu? Kamba walikataa soya yako. Sinia zilirudi zimejaa. Wewe ulijificha nyuma ya pampu, ukawa unahesabu tembe moja moja, midomo inatetemeka. Nikasema, mwanangu kaniletea msomi nyumbani, msomi wa watu, halafu aaibishwe na kamba? Kamba, mdudu wa kutembea kinyumenyume?"

Nikamweleza kwamba kamba huchukua siku nne hadi tano kuzoea harufu mpya, na kwamba hilo lilikuwa kwenye mpango wangu, ukurasa wa sita.

"Sikufika ukurasa wa sita," akasema. "Nilifika nyuma ya pampu."

"Na zile soya ukazipeleka wapi?"

"Ningezimwaga? Nikawapa wa Mjomba. Nikasema wakonde." Akatikisa kichwa. "Wiki hii zikaja na ukijani. Nikadhani zimeota ukungu. Nikafurahi kabisa, nikasema hawa sasa wanaharisha."

"Hawakuharisha, mama."

"Nimeona. Wamenenepa kama wageni waalikwa." Nikaona mabega yake yameanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na akaniambukiza, tukashikana mikono kati ya ndoo za bluu na za njano tukicheka bila sauti kama wasichana waliovunja kioo cha watu.

Yeye ndiye aliyeacha kwanza. Alikuwa ametazama ukutani, juu ya bega langu.

"Nisomee tena ile," akasema.

Sikutaka. Akasema nisome. Nikasoma: mtu yeyote, bwawa lolote, sababu yoyote, siku hiyohiyo.

"Uliiandika vizuri," akasema. "Haina tundu hata moja."

Hapo nje tulisikia chuma kikigonga chuma. Mume wangu alikuwa amefika boliti ya tatu ya mashine, na mashine ina boliti nane. Spana anapofanya kazi asiyoipenda huifanya polepole, lakini huifanya.

Mama mkwe akasimama. Akasema anakwenda kumwambia Mkurugenzi ukweli, atoke, na mimi nibaki na soya yangu. Nilimshika mkono nikamwomba dakika moja ya hesabu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Nikinyamaza, soya imeshindwa na mimi ninaondoka. Nikisema aliyebadilisha ni mama mkwe, soya inabaki, mimi nabaki, yeye anaondoka baada ya miaka kumi na minne. Nikisema aliyebadilisha ni mimi, soya inabaki, yeye anabaki, mimi ninaondoka. Kuondoka kwangu kulikuwa kwenye meza tangu asubuhi, kwa hiyo hakukuwa hasara mpya. Chaguo la tatu lilikuwa bora kwa pande mbili kati ya tatu.

Kulikuwa na kasoro moja: lilikuwa uongo, na mimi katika maandishi yangu yote sijawahi kuweka namba isiyokuwapo. Nikajiambia kwamba huu si namba.

Nilimfungia mama mkwe stoo. Naam, nilimfungia, kwa komeo la nje, na hilo naliungama hapa kwa mara ya kwanza.

Ofisi ya Mkurugenzi ina meza moja, viti vinne, feni moja na dirisha linalotazama bwawa la tano. Mjomba alikuwa kitini akinywa soda ya ushindi. Nilisimama mezani nikaweka sahani mbili za matumbo ya kamba, ya kijani na ya kahawia, nikaeleza kwamba ndoo zilibadilishwa tangu siku ya tatu. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho bila kugusa kalamu. Alipoelewa, alisimama, akaenda dirishani, akalitazama bwawa la tano kama mtu anayemtambua ndugu.

"Soya," akasema.

"Soya," nikasema.

"Kumi na sita nukta saba."

"Bila dagaa hata mmoja."

Akampigia kelele Spana aache boliti. Kelele za chuma zikakoma. Nilihisi miguu inataka kucheza, na nikaizuia, kwa sababu nilijua kinachofuata.

"Nani alibadilisha?"

"Mimi."

Mjomba akaweka soda chini.

"Wewe," Mkurugenzi akarudia. "Ukayapa mabwawa yako dagaa. Ili ushinde."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tangu siku ya tatu hukuiamini soya yako."

Hilo sikuwa nimelihesabu. Nimeitwa mengi katika shamba hili, Dokta Soya, Dokta Maharage, Mama Mashudu, na yote niliyabeba. Lakini kukubali kwamba sikuiamini kazi yangu kulikuwa mzigo mwingine.

"Ndiyo," nikasema.

"Muongo," ikasema sauti mlangoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale, khanga imechanika pembeni. Stoo ya ndoo ina dirisha, nami nililisahau, kwa sababu ni dirisha ambalo hakuna mtu wa umri wake angepaswa kulipita.

"Nimebadilisha mimi," akasema. "Huyu hata kunusa hawezi. Mkimpa dagaa na maua hajui kipi ni kipi."

Nikasema mama amechoka na jua. Yeye akasema mkwewe amechoka na vitabu. Tukawa tunaongea kwa pamoja, kila mmoja akijishtaki kwa bidii, mpaka mlango ukafunguka mara ya tatu na mume wangu akaingia na spana mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake. Kwa kawaida maneno yake ya siku nzima hayajazi kikombe.

"Mimi," akasema.

Mkurugenzi akaketi. Alitutazama watatu, mmoja mmoja, na nadhani pembe ya mdomo wake ilisogea.

"Sheria inataka mtu mmoja," akasema. "Ninao watatu. Mjomba, niletee tembe za dagaa kwenye bakuli moja na za soya zilizobaki tangu wiki jana kwenye jingine. Zile zisizo na rangi."

Mabakuli yakaja. Akaeleza kwa utulivu kwamba aliyebadilisha chakula siku zote hizo bila kukosea hata mara moja anazijua tembe hizi akiwa amefumba macho. Tufumbe. Tuchague soya. Atayabadilisha mabakuli kila mara.

Spana alianza. Alinusa la kwanza, akanusa la pili, akafikiri sana.

"Dizeli," akasema.

Akaambiwa afungue macho akae pembeni. Ilikuwa harufu ya vidole vyake.

Ikafika zamu yangu. Nilifumba macho nikainama juu ya mabakuli na pua yangu isiyofaa kitu. La kushoto halikunukia. La kulia halikunukia. Nilimsikia mama mkwe nyuma yangu akishusha pumzi ya mtu aliyeshinda. Nafasi yangu ilikuwa nusu kwa nusu, na mimi siendi mahali kwa nusu kwa nusu.

Nikaingiza vidole. Nikaisugua tembe ya kushoto mpaka ikavunjika. Laini, kama unga wa mtoto. Nikaisugua ya kulia.

Ikalia. Sauti ndogo, kavu, kama kiatu kwenye ngazi yenye vumbi.

Mchanga.

"Soya ni la kushoto," nikasema.

"Umejuaje?" akauliza Mkurugenzi.

Hapo ningeweza kusema nimezoea, na mambo yangeisha, nami ningefungasha nikiwa shujaa. Lakini aliniuliza swali la kazi, na swali la kazi hulijibu kabla sijafikiri.

"Dagaa ana mchanga. Karibu theluthi ya unga. Nilikuandikia barua."

"Barua gani?"

Mjomba akakohoa. Mkurugenzi akachukua tembe ya kulia, hakuisugua, akaiweka kati ya meno akauma. Tuliisikia sote wanne. Hata feni ilionekana kupunguza mwendo.

Akaitema kwenye karatasi. Akamwambia kaka yake abaki palepale alipo. Kisha akatoka mwenyewe hadi stoo, akaibandua sheria yangu ukutani, akarudi nayo, akailaza mbele yangu pamoja na kalamu.

"Hilo la mchanga nitalishughulikia kwa wakati wake," akasema. "Kwanza hili. Sheria umeandika wewe. Muhuri nimegonga mimi. Leo kuna mtu anaondoka. Andika jina, Dokta, na uandike kama unavyoandika ripoti zako."

Nikashika kalamu. Mama mkwe akaweka kiganja mgongoni mwangu, akakibonyeza kidogo, kama anavyonisukuma nipite mbele mlangoni. Alikuwa ananiruhusu.

Nikaisoma sheria mara ya mwisho, kama mtu anayehakiki nukta. Mtu yeyote atakayebadilisha chakula cha bwawa lolote, kwa sababu yoyote.

Chakula cha bwawa lolote. Mama mkwe alikuwa amebadilisha ndoo. Chakula chenyewe, kile kilichomo ndani ya tembe, hakukigusa kamwe.

Aliyekigusa alikuwa ameketi na soda yake.

Kicheko kikarudi kuniwasha koo, nikaandika haraka kabla hakijanitoka. Mama mkwe hakungoja wino ukauke. Alilisoma jina kwa sauti, na halikuwa langu, halikuwa lake, wala la mwanawe.

Mkurugenzi alilisoma karatasini. Kisha akamtazama kaka yake.

Nilitegemea Mjomba apige kelele. Hakupiga. Alimaliza soda, akafuta midomo, akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya sheria yangu na kuilainisha kwa kiganja.

Ilikuwa fomu ya kupokea mzigo. Ile ya asubuhi ya lori na honi. Juu ilisema unga wa dagaa. Katikati, kwa herufi ndogo ambazo siku ile sikuzifikia, ilisema mzigo umekaguliwa na mtaalamu wa chakula na umeonekana safi, hauna mchanga wala takataka. Chini palikuwa na sahihi yangu.

"Mimi nilileta," Mjomba akasema polepole. "Aliyeupitisha uingie kwenye mabwawa ya dada yangu ni huyo."

Mkurugenzi aliivuta fomu karibu na uso wake. Spana akaweka spana yake sakafuni, taratibu, kama inaweza kulipuka.

Mama mkwe alichungulia juu ya bega langu, akaitazama sahihi ile kwa makini, herufi kwa herufi.

"Mwandiko mzuri," akaninong'oneza. "Huo, mwanangu, hata mimi siwezi kusema ni wangu."